Mji Mkuu Hauhami

Mjukuu wangu Kwamboka alikuwa amejilaza kwenye kochi, miguu yake na viatu vyake juu ya kitambaa nilichokishona kwa mkono, akicheza kitu kwenye simu huku mimi nikimmiminia mgeni chai. Mgeni alikuwa mtu mzima mwenye mvi, koti lake limepigwa pasi hadi likang'aa kwenye viwiko. Alikuwa amepanda kuja Birongo kutoka Kisii mjini, akabisha hodi, na nilipomfungulia akasema, "Mimi ni Ombati, mtoto wa Moraa." Nilimkaribisha ndani na tangu hapo nilikuwa sijui niseme nini, ndiyo maana nilijishughulisha na birika. Kwamboka, bila kuinua macho, akauliza, "Nyanya, hii game inataka nichague capital kwanza. Niweke wapi, kwa mlima ama kwa river?" Chai ikamwagika kwenye sahani. Nikamwambia aweke popote atakapo na aondoe viatu vyake kwenye kitambaa changu. Maskini, hakuelewa kwa nini nilimkaripia mbele ya mgeni. Swali hilo nililiuliza mimi, nikiwa na umri kama wake, kwa mwaka mzima, na mtu wa mwisho niliyemuuliza alikuwa mama yake huyo mzee aliyekuwa akipuliza chai yangu.

Mwaka huo niliumaliza kitandani, katika wadi ya wanawake wenye kifua kikuu, kwenye hospitali ya misheni iliyokuwa kilimani upande wa Nyamira. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Siku hizo hukupewa vidonge ukarudi kwenu. Ulilazwa, ukachomwa sindano kila asubuhi mpaka ukakosa pa kukalia, ukameza vidonge vikubwa vilivyokwama kooni, na ukangoja. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, kuta zake zimepakwa chokaa, kinanuka dawa ya sakafu na maziwa yaliyochemshwa. Asubuhi tulipewa uji wa wimbi, mchana ugali na maharagwe, jioni ugali na mboga, na kila mtu kikombe cha maziwa kwa ajili ya kifua. Kula halafu lala, hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mtu alipofariki, hawakutuambia. Tuliona tu godoro lake limeanikwa juani nyuma ya jiko, na kila aliyepita akaliangalia kisha akatazama kando. Mimi nilikuwa nimetolewa shuleni katikati ya muhula. Kiti changu kilipewa msichana mwingine, na nilikuwa nimekata tamaa kiasi kwamba nesi alipouliza usiku umekuwaje, niligeukia ukutani.

Kushoto kwangu alilala Moraa. Alikuwa ameolewa mapema na ana mtoto mmoja wa kiume, ndiye huyu Ombati, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea alipoachwa nyumbani. Kulia kwangu alilala mama mzee wa Nyacheki tuliyemwita Magokoro, yaani nyanya, kwa sababu alitaka aitwe hivyo na wala hakukubali jina lingine. Mchana vitanda vyetu vilisukumwa nje kwenye veranda tupate hewa, na ni hapo nilipowafundisha mchezo wa miji mikuu, niliouokota shuleni. Sakafu ya veranda ilikuwa ya simiti iliyopasuka. Ufa mmoja mrefu ulipita toka ukutani hadi kwenye ngazi, na mimi nikaufanya mto. Mahali fulani fundi aliacha tuta la simiti bila kulisawazisha, hilo likawa mlima. Nilichora miraba kwa mkaa kati ya hivyo viwili. Mpishi alitupa konzi ya maharagwe mabichi na mahindi yawe watu wetu, na jamaa ya mgonjwa mmoja, mchongaji wa Tabaka, akatuletea vipande vitatu vya jiwe laini, kila kimoja rangi yake. Hivyo vilikuwa miji mikuu. Cha Moraa kilikuwa cha rangi ya waridi.

Sheria zilikuwa chache. Kwanza kila mtu anaweka mji wake mkuu. Kisha mnasambaza watu wenu mraba kwa mraba. Mji ulio mlimani ni mgumu kuuteka, lakini watu huongezeka tu ukiwa na njia ya kufika mtoni. Njia ikikatwa, hupati hata punje. Mji ukitekwa, umekwisha wewe. Na mji mkuu hauhami. Ukishaliweka jiwe chini, huligusi tena mpaka mwisho. Magokoro aliweka lake katikati, njia zinapokutana, kwa sababu, alisema, hapo ndipo soko litakuwa na yeye hataki kutawala mahali pasipo na habari. Mimi niliweka mtoni. Moraa aliweka mlimani, kila mara, halafu akateremsha watu wake kwa mstari mwembamba hadi kwenye maji, jinsi mashamba ya kwetu yalivyo, nyumba juu na shamba likishuka hadi bondeni. Na kila mara nilimkata mstari katikati, akakauka huko juu kwa kiu.

"Moraa, dada yangu, shuka mtoni," nilimwambia siku moja. "Utashindwa hivi mpaka lini?"

"Nani hujenga mtoni?" akanijibu. "Mtoni ni kwa kuchota maji na kunywesha ng'ombe. Nyumba ni juu. Wewe umesoma mpaka ukasahau watu wanakaa wapi."

"Huu ni mchezo tu."

"Hata kama ni mchezo. Mimi siwezi kulala kwenye baridi."

Magokoro alicheka hadi akakohoa, na kikohozi chake kilimleta nesi. Nesi huyo alikuwa Mmaragoli na alituongelesha Kiswahili, sisi tukimjibu kwa kile tulichokuwa nacho. Alisimama juu ya milki zetu amejishika kiuno. "Mmechorachora tena hii simiti? Nani ataosha? Na nyinyi mnafaa kuwa mmelala!" Lakini kwa mguu wake alikanyaga kwa uangalifu, asiusogeze mji wa mtu. Alitukataza jambo moja tu, tusicheze kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Sabato iishe, na hilo tulilitii.

Ilinichukua muda kujua kwa nini Moraa hakuweza kushuka. Kutoka verandani uliona bonde lote, na ng'ambo ya bonde mgongo wa mlima wenye mikaratusi miwili mirefu iliyosimama pamoja. Chini ya mikaratusi hiyo ndipo ilipokuwa nyumba yake. Kila alfajiri, kabla hata ya sindano, alijifunga shuka na kutoka nje kutazama kama moshi umepanda. Mama mkwe wake ndiye aliyekwenda kuwasha moto humo, kwa kuwa Moraa alimwomba hivyo siku alipoletwa hospitali. Kwetu mwana hurithi kupitia nyumba ya mama yake. Nyumba ikiwa na moto, ina mwenyewe. Nyumba iliyopoa, watu huanza kuiuliza maswali. Moraa alikuwa na mtoto mmoja, mume aliye na haraka, na kifua kisichotaka kukauka. Moshi ule ulikuwa ndio yeye mwenyewe, amebaki nyumbani. Akiuona, alirudi kitandani akameza vidonge vyake bila kunung'unika.

Mwaka huo ndio wapimaji wa ardhi walikuwa wakipita milimani. Wageni waliokuja kutuona walikaa nyasini chini ya veranda, maana hawakuruhusiwa kutukaribia, na wakasahau kwamba maneno hupanda juu. Hakuna kingine walichozungumza. Wamefika ng'ambo ya mto. Fulani amepanda mimea ya mpaka usiku ndani ya shamba la ndugu yake. Wazee wa kamati wakifika kwako wanataka kuona nani anakaa wapi, wanaandika, na wakishaandika, basi tena. "Asiyekuwapo na lake halipo," mwanamume mmoja alisema huko chini akitafuna muwa, kisha akatema makapi. Nilimtazama Moraa. Alikuwa akiipanga mito ya kitanda chake ambayo ilikuwa tayari imepangwa.

Kuanzia hapo alikuwa na lengo moja tu, kurudi nyumbani kabla wapimaji hawajafika kwenye mikaratusi yake. Ili aruhusiwe kwenda, makohozi yake yalitakiwa yatoke safi kwa vipimo vitatu mfululizo. Cha kwanza kilitoka safi. Akaomba maziwa zaidi, akayanywa yakiwa moto hadi machozi yakamtoka. Cha pili kikatoka safi. Magokoro akapiga vigelegele, wadi nzima ikafurahi kwa wivu kidogo. Cha tatu kikarudi na ugonjwa, na ikabidi aanze kuhesabu upya. Mumewe alikuja Jumapili iliyofuata, akasimama nyasini na baiskeli yake, hakuiegesha hata mahali.

"Daktari amesema nini?" akauliza.

"Amesema bado. Lakini si kwa muda mrefu, baba Ombati. Nisubirini."

"Sisi tunasubiri. Wapimaji ndio hawasubiri." Akapiga kengele ya baiskeli kwa kidole gumba, kama mtu asiyejua afanye nini na mkono. "Nyumba haiwezi kukaa hivi."

"Mama si anawasha moto?"

"Mama ni mzee," akasema, akaondoka.

Haukupita muda mrefu moshi ukakoma. Asubuhi moja haukuonekana, tukasema ni ukungu. Asubuhi ya pili mbingu zilikuwa wazi kabisa, mikaratusi ukiweza kuihesabia matawi, na juu yake hakuna kitu. Wageni wa nyasini wakatuambia mama mkwe ameanguka na kuumia mguu. Moraa aliacha kula. Uji ulipoa mbele yake ukafanya ngozi. Nesi alimbembeleza, akamfokea, akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kijiko mkononi kama anayelisha mtoto, na Moraa alimtazama tu. Nilimwambia ule mchezo tuucheze, akasema hana nguvu ya kushika jiwe. Usiku nilimsikia akimwomba Nyasae, Mungu wetu, kwa sauti ndogo, si apone, bali mtu yeyote aingie nyumbani kwake na kibiriti. Nilitamani ningekuwa na miguu ya kunifikisha kule. Sikuwa nayo, kutembea hadi chooni kulinitoa jasho.

Halafu siku moja Magokoro, aliyekuwa wa kwanza kutoka nje, akapiga kelele, "Moraa! Njoo uone!" Moshi ulikuwa umerudi, na si ule uzi mwembamba tuliouzoea. Ulikuwa mnene, wa kuni za kutosha, ukapanda hadi juu ya mikaratusi kabla ya kulala na upepo. Jioni ukapanda tena. Kesho yake hivyo hivyo. Mama mkwe hakuwa amewahi kuwasha mara mbili kwa siku. "Amepona mguu," Moraa alisema, "na ameona vibaya kwa kuniacha, ndiyo maana anazidisha." Akala. Akaomba ugali zaidi, mashavu yake yakaanza kujaa, akanisuka nywele akiimba nyimbo za kanisani. Kipimo kikatoka safi, na kingine. Alikuwa mtu wa utani kumbe, na sikujua, kwa maana nilimkuta akiwa tayari na huzuni. Alimwigiza mpishi, alimwigiza daktari, alimwigiza Magokoro akikoroma hadi Magokoro akamtupia kandambili.

Na siku moja katika siku hizo alinishinda. Aliweka jiwe lake mlimani kama kawaida, lakini safari hii alituma watu wake wote mtoni kwanza, kabla mimi sijajitanua, akanizingira kwa mahindi pande zote. Nilipolitoa jiwe langu sakafuni, alisimama juu ya kitanda, mgonjwa wa kifua kikuu, akacheza na shuka. "Nilikwambia! Nyumba ni juu! Ni moto tu uwashwe!" Nesi alikuja akakuta wadi nzima inacheka, akasahau kutugombeza. Nikifikiria mwaka ule wote, hiyo ndiyo siku pekee ambayo niliisahau hospitali.

Mama mkwe alikuja siku ya Ijumaa. Alikuja kwa miguu, akiegemea fimbo, na mguu wake ulikuwa umefungwa vitambaa hadi gotini, umevimba vibaya. Alikuwa amebeba chungu cha chinsaga, ile mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa, na ndizi mbivu. Moraa alikimbilia ukingo wa veranda.

"Mama! Kwa nini umejitesa na mguu huo? Si ungeacha hata kuwasha jioni? Asubuhi ingetosha!"

Mama mkwe alikiweka chungu nyasini. "Kuwasha nini, mwanangu?"

"Moto. Nauona moshi kila siku. Nimekuwa nikikuombea."

Yule mama akakaa chini palepale, mguu umenyooshwa mbele yake. "Mimi sijafika huko juu tangu nianguke," akasema. "Hata mlango wako sijauona. Ni msichana. Mume wako amemleta msichana kutoka ng'ambo ya Keroka, akamweka humo, wazee wa kamati walipofika wakamkuta anapika. Wameandika."

Moraa aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi?"

"Wewe atakujengea chini. Kule mtoni. Amesema ni pazuri, maji yako karibu, hutapata taabu ya kuchota na kifua chako hicho. Usilie, mwanangu. Nililia mimi mpaka akanifukuza."

Moraa hakulia. Alimshukuru kwa mboga, akamwambia aende polepole kwenye mteremko, akasimama akimtazama mpaka alipofika getini. Kisha akageuka kuutazama mlima, na saa ile ile, kwa kuwa jioni ilikuwa imeingia, moshi ukapanda. Nimeona mambo mengi maishani, nimemzika mume, lakini sijui kama nimewahi kuuchukia moto wa mtu kama nilivyouchukia ule. Tulikuwa tumeufurahia. Wiki zote zile tulikuwa tumempigia makofi mwanamke mwingine akipika katika jiko la rafiki yetu.

"Tucheze," Moraa akasema.

Magokoro akanong'ona kwamba Sabato inakaribia. Moraa akasema jua bado liko. Basi nikashuka sakafuni, nikaupitisha mkaa kwenye mistari iliyofifia, nikagawa punje. Magokoro akaweka jiwe lake katikati. Mimi nikaliweka langu pembeni kabisa, mahali pasipofaa kitu, ili nimwachie mlima na mto, achague. Moraa akachuchumaa, jiwe la waridi mkononi. Akalisogeza juu ya tuta la simiti, mkono ukabaki hewani. Akalisogeza juu ya ufa. Akalirudisha kifuani.

"Weka basi, dada," nikamwambia. "Wapi, mlimani au mtoni?"

"Weka mtoni, mwanangu," Magokoro akasema kwa upole, nadhani akitaka kumfariji. "Mtoni nako watu huishi."

Moraa akamtazama. "Hata wewe, Magokoro." Kisha akalisukuma jiwe kiganjani mwangu, akanikunja vidole mwenyewe, kimoja kimoja. "Nishikie. Nikipata mahali, nitakwambia."

Nesi akatoka na kusema jua limezama, tukusanye vitu vyetu. Tulivikusanya.

Kipimo cha tatu kilitoka safi wiki iliyofuata. Aliondoka na kitita chake, amenenepa, daktari akimpa mkono na kumwambia amefanya vizuri sana. Niliiona nyumba yake mpya ikijengwa, au niseme niliona mabati, maana kule chini ukungu haukuondoka mpaka karibu saa sita. Mvua ndefu zilipokuja hata mabati sikuyaona. Habari za kifo chake nilizisikia nikiwa bado kitandani, wafua nguo wakizungumza karibu na kamba: kifua kimerudi, unyevu, alikataa kurudishwa hospitali. Amezikwa kushoto mwa nyumba yake, kama mwanamke wa kwetu anavyozikwa, kwenye udongo uliokuwa unatoa maji walipochimba. Sikuwahi tena kuuchora ule mchezo. Magokoro alifariki muda mfupi baadaye, na godoro lake nililitazama, sikugeuza uso. Kila siku hadi nilipotoka hospitali, moshi ulipanda kati ya mikaratusi miwili, asubuhi na jioni, bila kukosa.

Haya ndiyo niliyomsimulia Ombati sebuleni kwangu, na Kwamboka alikuwa ameiweka simu kando, anasikiliza. Ombati hakumkumbuka mama yake hata sura. Nyanya yake, yule wa mguu mbovu, alimwambia kabla hajafa kwamba palikuwa na msichana wa Birongo kitanda cha pili, na imemchukua umri wote huu kunitafuta. Akanieleza kilichobaki nilichokuwa sikijui. Shamba la juu lilikwenda kwa wana wa yule msichana wa ng'ambo ya Keroka. Yeye alipewa kipande cha mtoni. Mto umekila, na kaburi limekwenda nacho, katika mvua za miaka mingi iliyopita; asubuhi moja alikwenda akakuta maji. Sasa anapanga chumba kimoja Kisii mjini, nyuma ya maduka.

Nilikwenda chumbani, nikalitoa lile jiwe la waridi kwenye kikopo cha vifungo, mahali lilipokaa miaka yote hiyo. Limekuwa jeusi kidogo kwa kushikwashikwa. Nikamwekea kiganjani, nikamwambia, "Mama yako alinipa nimshikie. Ni lako."

Alilitazama, akaligeuza, akalifuta kwa shati. Akaifungua mifuko ya koti lake mmoja baada ya mwingine, asiridhike na wowote. Halafu akaninyooshea mkono, jiwe likiwa bado juu yake.

"Endelea tu kunishikia, mama," akasema. "Mimi nikiwa nalo, nitaliweka wapi?"